Mabingwa Bobezi wa Moyo: Wanachosomea Upanga na Maswali Yanayotoka Ilala na Kariakoo

Kati ya Soko Kuu la Kariakoo na majengo ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) yaliyopo Upanga jijini Dar es Salaam ni mwendo mfupi, ambao mtu mwenye afya njema anaweza kuumaliza kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali. Upande mmoja wapo wachukuzi wa mizigo, wasukuma mikokoteni, mamalishe na wafanyabiashara ambao siku yao huanza alfajiri katika mitaa ya Msimbazi, Kongo na Mkunguni. Upande wa pili wapo madaktari waliokwishahitimu shahada mbili na bado wanaendelea kusoma, wakijifunza kuusikiliza, kuupima na kuutibu moyo wa mwanadamu. Mwananchi anayefuatilia taarifa za sekta ya afya husikia mara kwa mara kuhusu idadi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na mitambo mipya iliyosimikwa. Ni nadra kuelezwa madaktari hao wanapatikanaje, na ni maswali gani ya kitafiti yanayowakosesha usingizi.

Neno ubingwa bobezi sasa limezoeleka katika matangazo ya Serikali, ingawa maana yake halisi huchanganywa na ubingwa wa kawaida. Daktari huanza na shahada ya kwanza ya udaktari, inayochukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa ndipo asajiliwe kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Baada ya kufanya kazi kwa muda, anaweza kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya ndani au ya watoto, na akihitimu anaitwa daktari bingwa. Anayetaka kuushughulikia moyo peke yake hupanda ngazi nyingine tena, nayo ndiyo ubingwa bobezi. Kwa hesabu hiyo, tangu siku ya kwanza ya kuingia chuo kikuu hadi siku ya kuruhusiwa kuongoza mrija ndani ya mshipa wa mgonjwa bila msimamizi pembeni, hupita zaidi ya miaka 10. Ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi unaotolewa chini ya jina la Rais Samia Suluhu Hassan umelenga ngazi hizi mbili za juu, ambazo gharama zake zilikuwa zikiwakatisha tamaa madaktari wengi wa mikoani.

Mafunzo hayo hufanyika katika eneo lenye historia ndefu ya tiba. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo aligharimia hospitali jijini humo mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake bado linaitwa kila siku katika jengo la wodi la Sewahaji, Muhimbili. Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa mwaka 1956 mahali ambapo leo ni Hospitali ya Taifa Muhimbili. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo cha tiba, ikapitia mabadiliko kadhaa ya hadhi na hatimaye mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji upasuaji wa aina hiyo alilazimika kusubiri rufaa ya kwenda nje ya nchi, hasa India, na wapo waliosubiri hadi hali zao zikawa haziruhusu tena safari.

JKCI ilizaliwa rasmi mwaka 2015, pale idara ya moyo ya Muhimbili ilipopewa hadhi ya taasisi inayojitegemea, katika jengo lililojengwa kwa ushirikiano na Serikali ya China. Mkurugenzi Mtendaji wake wa kwanza alikuwa Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Uongozi wa taasisi ulishikwa baadaye na Dkt. Peter Kisenge, daktari bingwa wa moyo ambaye jina lake linaonekana pia katika machapisho ya kitafiti yatakayotajwa hapa chini. Jambo hilo si dogo. Anayeongoza hospitali akiwa amewahi kukaa na daftari la takwimu za wagonjwa anajua kwamba wodi ni mahali pa kutibu na ni mahali pa kujifunza.

Mwanafunzi wa ubingwa bobezi wa moyo husajiliwa na chuo, lakini sehemu kubwa ya siku zake huishia hospitalini. Anaanza na vipimo ambavyo mwananchi yeyote aliyewahi kufika kliniki anavifahamu, yaani shinikizo la damu, kipimo cha umeme wa moyo na kile cha mawimbi ya sauti kinachoitwa eko, ambacho huonyesha moyo ukidunda kwenye kioo na valvu zikifunguka na kufunga. Kuitafsiri picha ya eko kwa usahihi ni ujuzi unaohitaji kurudiwa mamia ya mara. Baadaye huingia katika chumba cha mtambo wa uchunguzi wa mishipa ya moyo, Cathlab kwa jina lililozoeleka, ambako mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo. Humo ndimo mishipa iliyoziba huzibuliwa, valvu iliyosinyaa hupanuliwa kwa puto, na wagonjwa ambao mapigo yao yamepungua kupita kiasi huwekewa kifaa kidogo ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo.

Tiba ya moyo haitolewi na daktari mmoja. Nyuma ya mgonjwa mmoja wa upasuaji wapo daktari wa usingizi, mtaalamu wa mashine inayosukuma damu wakati moyo umesimamishwa, wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi na mafundi wa vifaa tiba. Wengi wa kizazi cha kwanza walipelekwa kusomea nje ya nchi. Daktari bingwa wa upasuaji wa moyo wa watoto Godwin Godfrey, kwa mfano, alifundishwa nchini Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Jitihada za miaka ya karibuni zimelenga kuyahamishia mafunzo hayo nyumbani. Katika mgawanyo wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki vinavyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Kenya ilipewa magonjwa ya figo na njia ya mkojo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe, na Tanzania ikapewa sayansi ya moyo na mishipa ya damu, chini ya MUHAS katika kampasi ya Mloganzila. Uganda nayo ilikuwa na Taasisi yake ya Moyo, Mulago, tangu mwaka 1988, na ni Kampala hiyohiyo ambako J. N. P. Davies alieleza katika miaka ya 1940 ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, ambao hadi leo vitabu vya tiba duniani huutaja pamoja na Afrika Mashariki.

Kila mwanafunzi wa ngazi ya uzamili hutakiwa kuandika tasnifu, na hapo ndipo swali la utafiti linapoingia. Pendekezo lake hupitiwa na kamati ya maadili ya chuo, na tafiti zenye sura ya kitaifa hupita pia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mgonjwa anayeombwa kushiriki husomewa maelezo kwa lugha anayoielewa, huulizwa ridhaa yake, na ana haki ya kukataa bila huduma yake kupungua. Wapo wananchi ambao bado hudhani kuwa kuulizwa maswali mengi na daktari kijana mwenye karatasi mkononi ni kugeuzwa majaribio. Kwa kawaida ni utaratibu huo wa tasnifu tu unaotekelezwa, na ni vyema kuuliza kabla ya kusaini.

Swali kubwa kuliko yote limekuwa shinikizo la juu la damu, na Dar es Salaam ya katikati imelichangia kwa namna ya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu 770 wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika eneo la Ilala, na wengine 928 katika kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, wenye shinikizo la juu Ilala walikuwa asilimia 37.3 ya wanaume na asilimia 39.1 ya wanawake, dhidi ya asilimia 26.3 na 27.4 huko Shari. Tofauti ya mjini na kijijini haikumshangaza mtu. Kilichoshtua ni kwamba katika maeneo yote mawili, chini ya asilimia 20 ya wenye tatizo walikuwa wanalijua, takribani asilimia 10 walikuwa wakipata matibabu, na waliodhibitiwa hawakufika hata asilimia 1.

Timu nyingine iliwapima wakazi 9,254 wa Dar es Salaam wenye umri wa miaka 25 hadi 64 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi hiyo ilitoa somo la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa moyo hufundishwa hadi leo: kipimo kimoja hakitoshi. Watu walioonekana kuwa na shinikizo la juu siku ya kwanza walipopimwa tena siku nyingine, sehemu yao walirudi katika kiwango cha kawaida. Aliyepanda ngazi haraka, aliyekuwa na hofu, au aliyetoka kushusha gunia begani anaweza kuonyesha namba isiyo yake. Somo la pili lilikuwa zito zaidi. Watafiti waliwafuatilia kwa miezi 12 watu 161 ambao tatizo lao lilikuwa limethibitishwa kwa vipimo vya kurudia na ambao walikuwa wameshauriwa waende kutibiwa. Walioripoti kuwa walimwona mtoa huduma walikuwa asilimia 34 tu. Waliokuwa bado wanatumia dawa mwaka ulipomalizika walikuwa asilimia 3.

Sababu zilizotajwa na washiriki zilikuwa mbili hasa: hawakuhisi dalili yoyote, na gharama. Elimu wala kipato cha kaya havikuonekana kuwatofautisha waliokwenda na wasiokwenda. Mchuuzi wa Kariakoo asiyeumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu anapoambiwa aache meza yake ya biashara kwa nusu siku ili akapange foleni, na arudi hivyo kila mwezi maisha yake yote, hesabu anayoipiga inaeleweka. Lakini mshipa wa ubongo haupigi hesabu hiyo. Mradi uliohesabu matukio ya kiharusi kwa miaka mitatu kuanzia Juni 2003 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulipata, baada ya kusawazisha umri, matukio mapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa kijijini, na 315.9 upande wa mjini. Takwimu ya mjini ilikuwa miongoni mwa zile za juu kabisa zilizokuwa zimechapishwa.

Wasiofikwa na kiharusi wanaweza kufikwa na jingine. Moyo unaosukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa miaka mingi hunenepa kuta zake, kisha huchoka, na mgonjwa hufika hospitalini akiwa na miguu iliyovimba na pumzi isiyomruhusu kulala chali. Hali hiyo huitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Profesa Abel Makubi, aliyewahi pia kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, aliongoza pamoja na wenzake wa Muhimbili na wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa 427 wa aina hiyo waliohudumiwa Muhimbili. Chanzo kwa asilimia 45 kilikuwa shinikizo la juu la damu. Magonjwa ya misuli ya moyo yalikuwa asilimia 28, valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki asilimia 12, na kuziba kwa mishipa ya moyo asilimia 9. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Ulaya na Marekani ugonjwa huo huwapata zaidi wazee wenye miaka 70 na kuendelea, na chanzo kikuu huwa mishipa iliyoziba. Mtaala ulionakiliwa kutoka huko ungemwandaa daktari wa Dar es Salaam kwa mgonjwa ambaye si yule anayembisha hodi, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kufanyia utafiti hapahapa.

Homa ya rumatiki ni mfano wa pili. Mtoto huanza na maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria, ambayo mzazi huyachukulia kuwa mafua. Wiki chache baadaye kinga ya mwili wake, ikipambana na bakteria, hushambulia pia viungo na valvu za moyo. Miaka ikipita bila tiba, valvu husinyaa au huvuja. Wasichana wengi hugundulika wakiwa wajawazito, pale moyo unapodaiwa kazi kubwa zaidi ya ule uwezo uliobaki. Madaktari wa JKCI na MUHAS wamekuwa wakichunguza matokeo ya kupanua valvu hizo kwa puto bila kufungua kifua, kwa kuwa njia hiyo humwepusha mgonjwa na valvu ya bandia ya chuma pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda ambazo zinahitaji kupimwa mara kwa mara. Nchini Uganda, utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2022 uliwahusisha watoto 818 wenye dalili za awali kabisa, zile zinazoonekana kwa eko peke yake. Kati ya waliodungwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, kati ya wasiodungwa, asilimia 8.2. Sindano hiyo ni ya siku nyingi na bei yake ni ndogo. Anayetakiwa ni mtu wa kumpima mtoto kabla hajaanza kuumwa, na mashine ya eko inayobebeka.

Ipo pia hali ya misuli ya moyo kulegea kwa mama mjamzito katika mwezi wa mwisho au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Dalili zake, yaani kuchoka, kuvimba miguu na kuishiwa pumzi usiku, hufanana mno na uchovu wa kawaida wa uzazi, na bibi au shangazi anayemwangalia mzazi nyumbani anaweza kuziona kuwa jambo la kupita. Mama anayeshindwa kulala bila mito mingi anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Maeneo mengine yanayowavutia watafiti chipukizi, kama vile uhusiano wa virusi vya UKIMWI na moyo, unene uliokithiri mijini, watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo, na wagonjwa wanaoacha dawa baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, yameanza kupata machapisho yake, ingawa si kwa kina cha yale yaliyoelezwa juu.

Kwa muda mrefu tafiti nyingi zilitegemea wagonjwa waliokwishafika hospitali kubwa, yaani wale waliofanikiwa. Asiyefika hahesabiwi. Huduma za mkoba ambazo JKCI imekuwa ikizipeleka mikoani, zijulikanazo kama Tiba Mkoba ya Dkt. Samia Suluhu Hassan, zimewatoa wanafunzi wa ubingwa bobezi nje ya kuta za Upanga na kuwakutanisha na wananchi ambao hawakuwahi kupimwa. Taasisi hiyo imesogea pia ndani ya jiji lenyewe, ikiwemo kwa kuichukua hospitali ya Dar Group iliyopo eneo la TAZARA. Kwa upande wa gharama, ambayo washiriki wa utafiti wa Dar es Salaam waliitaja waziwazi, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utekelezaji wake ndio utakaoonyesha iwapo ile asilimia 3 itapanda.

Kariakoo ni mahali pazuri pa kulipima jambo hilo. Jina lake lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo ni eneo ambalo watu hubeba. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, ambalo lilifunguliwa mwaka 1975, lilizungukwa kwa miongo kadhaa na maduka ya ghorofa, wachuuzi wa barabarani na vibanda vya chakula ambavyo chumvi na mafuta havipimwi kwa kijiko. Wengi wanaofanya kazi hapo hawalali hapo, hivyo daftari la kaya la mtaa haliwaoni. Daktari mtafiti anayetaka kuwafuatilia kwa miezi 12 atalazimika kwanza kujua kila mmoja anapanga bidhaa zake wapi, na saa ngapi anaweza kusimama dakika tano bila kupoteza mteja.

Kwa mwananchi wa eneo hilo, njia ya kufika kwa bingwa bobezi huanza karibu. Shinikizo la damu hupimwa katika zahanati na vituo vya afya, na pia katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Atakayeonekana kuwa na milimita 140 kwa 90 au zaidi hutakiwa kurudi siku nyingine, akiwa amepumzika walau dakika tano na hajavuta sigara wala kunywa kahawa muda mfupi kabla ya kipimo. Tatizo likithibitika na kushindikana katika ngazi hiyo, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana, na kutoka hapo hadi Upanga. Mwenye maumivu makali ya kifua yanayosambaa begani au shingoni, au aliyepooza ghafla upande mmoja, hasubiri mpangilio huo, bali hupelekwa moja kwa moja katika kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu.